Saratani ya matiti: Jibu safi la leo si kinga ya kesho

WANAWAKE wanaopimwa matiti na kuambiwa hawana tatizo wanaweza kugundulika na saratani kabla ya tarehe ya kipimo kinachofuata, hata pale ambapo mashine ilikuwa nzima na mtaalamu aliyesoma picha hakufanya uzembe wowote.

Ugonjwa huo huitwa saratani ya kati ya vipimo. Ni ile inayojitokeza baada ya mwanamke kupewa jibu safi na kabla hajafikia zamu yake nyingine ya kupimwa.

Katika nchi zenye mpango wa taifa wa kupima wanawake kwa mamografia, yaani picha ya eksirei ya matiti, si jambo la nadra. Kwa wanawake wanaopimwa kila baada ya miaka miwili, kati ya moja ya tano na karibu theluthi moja ya saratani zote za matiti hujitokeza kwa njia hiyo.

Tanzania haina mpango wa namna hiyo. Mwanamke wa Kilema, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, haletewi barua ya kumkumbusha kwamba miaka miwili imetimia. Akipimwa mara moja, iwe katika kambi ya afya au alipokwenda kumtembelea mwanawe Dar es Salaam, pengo kati ya kipimo hicho na kingine halina tarehe ya mwisho.

Ndani ya pengo hilo neno "nilishapimwa" huweza kugeuka kuwa hatari. Mama anayeshika uvimbe leo, lakini akakumbuka jibu safi la mwaka juzi, huweza kujituliza na kusubiri. Uvimbe wenyewe hausubiri.

Kipimo kinavyofanya kazi

Wazo la kutumia eksirei kuchunguza matiti lina zaidi ya miaka 100. Mwaka 1913 daktari wa upasuaji wa Berlin, Ujerumani, Albert Salomon, alichapisha matokeo ya kuchunguza kwa eksirei matiti takriban 3,000 yaliyokuwa yameondolewa kwa upasuaji. Aliona kwamba saratani huacha alama zake kwenye picha.

Mwaka 1963 utafiti mkubwa ulianza New York, Marekani, ukihusisha wanawake wapatao 62,000. Ulikuwa wa kwanza kulinganisha kundi la wanawake walioalikwa kupimwa na kundi ambalo halikualikwa, na ulionyesha kuwa kipimo huweza kupunguza vifo. Utafiti mwingine ulifuata Sweden kuanzia mwaka 1977, na Uingereza ikaanzisha mpango wake wa taifa mwaka 1988.

Leo Uingereza huwaita wanawake wa kuanzia miaka 50 hadi kabla ya kutimiza miaka 71, kila baada ya miaka mitatu. Uholanzi huwaita wa miaka 50 hadi 75, kila baada ya miaka miwili. Nchini Marekani, jopo la wataalamu wa kinga lilipendekeza mwaka 2024 kwamba wanawake wa miaka 40 hadi 74 wapimwe kila baada ya miaka miwili.

Faida ya mipango hiyo ipo. Jopo huru lililopitia ushahidi nchini Uingereza mwaka 2012, likiongozwa na Profesa Michael Marmot, lilikadiria kuwa kuwaalika wanawake kupimwa hupunguza vifo vya saratani ya matiti kwa asilimia 20.

Takwimu hiyo ina upande wake wa pili. Vifo vilivyosalia vinaonyesha kuwa kipimo hakizuii saratani kuota, wala hakiioni kila saratani iliyokwisha kuota. Kinachofanyika ni kuipata baadhi yake mapema.

Makundi matatu

Saratani ya kati ya vipimo inapogundulika katika nchi zenye mipango hiyo, wataalamu huitafuta picha ya zamani na kuisoma upya. Matokeo ya mapitio hayo hugawanyika katika makundi makubwa matatu.

Kundi la kwanza ni saratani mpya. Picha ya zamani huonekana safi hata inaposomwa na mtu anayejua mahali uvimbe ulipotokea baadaye. Katika hali hiyo saratani iliota baada ya kipimo, au siku ile ilikuwa ndogo mno kuonekana. Kwa kawaida kundi hili ndilo kubwa zaidi.

Kundi la pili ni saratani iliyopitwa. Alama ilikuwapo kwenye picha lakini haikutambuliwa, au ilionekana ikadhaniwa kuwa kitu kisicho na madhara. Hapa sababu huweza kuwa uchovu wa msomaji, picha isiyo na ubora, au titi ambalo halikuwekwa vizuri kwenye mashine hivyo sehemu ya karibu na kifua au kwapa ikabaki nje.

Kati ya makundi hayo mawili zipo picha zenye alama hafifu, ambazo msomaji mmoja angemwita mwanamke arudi na mwingine asingemwita. Wataalamu wanaojua mwisho wa kisa huziona alama hizo kwa urahisi kuliko aliyesoma mara ya kwanza akiwa na mamia ya picha mbele yake.

Kundi la tatu ni saratani isiyoonekana kabisa kwa mamografia. Uvimbe unaweza kushikika kwa mkono siku hiyo hiyo na picha bado isionyeshe kitu. Aina mojawapo ya saratani, inayoanzia kwenye vifuko vinavyotengeneza maziwa, hujulikana kwa kujificha namna hiyo kwa sababu seli zake hutambaa mstari mmoja mmoja bila kufanya donge.

Ili kupunguza makosa ya kundi la pili, nchi nyingi za Ulaya hutaka kila picha isomwe na wataalamu wawili. Hata hivyo, hakuna idadi ya wasomaji inayoweza kuona saratani ambayo siku ya kipimo haikuwapo.

Theluji nyuma ya wingu

Sababu kubwa inayoifanya mamografia ishindwe ni jinsi titi lenyewe lilivyoumbika. Titi lina mafuta na lina tishu za tezi na nyuzi. Kwenye picha, mafuta huonekana ya rangi nyeusi au kijivu. Tezi na nyuzi huonekana nyeupe, na saratani pia huonekana nyeupe.

Mwanamke mwenye matiti yaliyojaa mafuta huwa na picha yenye giza, ambamo doa jeupe hujitokeza wazi. Mwenye tishu nzito huwa na picha nyeupe karibu yote. Kutafuta saratani humo ni sawa na kuitafuta theluji ya Kibo wakati wingu jeupe limeketi juu ya kilele.

Uzito huo wa tishu haujulikani kwa kulishika titi, wala hauhusiani na ukubwa wake. Hujulikana kwa picha tu. Nchini Marekani karibu nusu ya wanawake waliovuka miaka 40 wana matiti ya namna hiyo, na tangu Septemba 10, 2024 vituo vyote vya mamografia nchini humo vinatakiwa kumweleza kila mwanamke iwapo tishu zake ni nzito.

Ukubwa wa tatizo ulipimwa nchini Uholanzi katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019. Ulihusisha wanawake zaidi ya 40,000 wenye tishu nzito kupita kiasi, ambao mamografia zao zilikuwa safi. Baadhi yao walialikwa pia kupigwa picha ya MRI.

Katika kundi lililobaki na mamografia pekee, wanawake 5 kati ya kila 1,000 walipata saratani kabla ya kipimo kilichofuata. Katika kundi lililoalikwa kwa MRI, idadi ilikuwa 2.5 kati ya 1,000.

Faida hiyo ilikuwa na gharama yake. Kati ya kila wanawake 1,000 waliopigwa MRI, wapatao 80 waliitwa kwa uchunguzi zaidi ilhali hawakuwa na saratani. Hata Uholanzi, yenye mashine nyingi, hilo si jambo la kuamua kwa wepesi.

Umri nao una sehemu yake. Kadiri mwanamke alivyo kijana ndivyo tishu za matiti yake zinavyokuwa nzito, na baada ya kukoma hedhi hupungua taratibu na mafuta kuchukua nafasi yake.

Jambo hili lina uzito wa pekee kusini mwa Jangwa la Sahara. Idadi kubwa ya wanawake wanaougua saratani ya matiti katika eneo hili hawajafikia miaka 50, kwa sehemu kwa sababu watu wengi ni vijana. Maana yake ni kwamba wengi wa walio hatarini wako katika umri ambao mamografia huona kwa shida zaidi.

Kwa nini huwa kali

Saratani zinazojitokeza kati ya vipimo, kwa wastani, huwa kubwa na zenye kasi kuliko zile zinazonaswa na kipimo chenyewe. Sababu yake inaeleweka kwa hesabu ya muda.

Saratani inayokua polepole hukaa miaka kadhaa ikiwa ndogo kabla mwenyewe hajaihisi. Kipimo cha kila miaka miwili kina nafasi nzuri ya kuikuta humo. Saratani yenye kasi hupita hatua hiyo kwa miezi michache, hivyo huweza kuanza na kufikia kushikika kwa mkono katikati ya zamu mbili.

Kipimo cha vipindi, kwa hiyo, hunasa zaidi zile za polepole na kuziacha zenye haraka. Pengo linapokuwa refu, zinazoponyoka huongezeka. Ndiyo maana katika mpango wa miaka mitatu wa Uingereza saratani hizi huwa nyingi zaidi kadiri muda unavyosogea kutoka siku ya kipimo.

Kwa mwanamke aliyepimwa mara moja tu, hesabu hiyo haina ukomo. Miaka mitano baada ya kipimo, jibu safi halimwelezi tena lolote kuhusu hali yake ya leo.

Kilema na barabara ya kuteremka

Kilema ni miongoni mwa sehemu za kwanza za Uchagga kupata misheni. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika huko mwanzoni mwa miaka ya 1890, na historia ya kahawa ya Kilimanjaro huanza kusimuliwa kutoka kwenye bustani za misheni hiyo. Hospitali ya Kilema, iliyo chini ya Jimbo Katoliki la Moshi, huhudumia vijiji vya mlimani na vya tambarare iliyo chini yake.

Juu ya hospitali za aina hiyo ipo Hospitali ya Mkoa ya Mawenzi mjini Moshi, na juu yake Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya KCMC, iliyofunguliwa Machi 1971. KCMC ilipata kituo chake cha saratani Desemba 2016, kikiwawezesha wagonjwa wa Kanda ya Kaskazini kupata dawa za saratani bila kusafiri hadi Dar es Salaam.

Kabla ya hapo, na kwa waliohitaji mionzi kwa miaka mingi, njia ilikuwa moja: zaidi ya kilomita 500 hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road. Mgonjwa alihitaji nauli, ndugu wa kumpokea na wiki kadhaa mbali na kihamba chake.

Kwa mwanamke aliye mlimani, kila hatua ya rufaa ni safari ya kuteremka. Huanza kwa miguu au bodaboda hadi barabara kuu ya Himo, kisha daladala hadi Moshi, kisha foleni. Akiambiwa arudi wiki ijayo kwa majibu, safari huanza upya.

Mashine za mamografia nchini ziko chache, na karibu zote zimo katika hospitali za mijini. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kuwa katika nchi zenye mifumo dhaifu ya afya, kipimo cha mamografia kwa wanawake wote huweza kuwa mzigo usiobebeka, na likashauri mkazo uwekwe kwanza katika kuwatambua mapema wenye dalili.

Uzito wa tatizo hauna ubishi. Kwa makadirio ya Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, mwaka 2020 Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani ya matiti wanaokaribia 4,000. Kwa wanawake nchini, ni saratani ya mlango wa kizazi pekee iliyoitangulia kwa idadi.

Tathmini ya huduma za saratani ya matiti Tanzania iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha kuwa wagonjwa wapatao 80 kati ya kila 100 hugundulika ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Katika hatua hizo uvimbe umekuwa mkubwa, umefika kwenye tezi za kwapa, au umekwisha kusambaa kwenye mifupa, ini au mapafu.

Mikono badala ya mashine

Nchini Tanzania kipimo ambacho wanawake wengi hukutana nacho ni mikono ya muuguzi au daktari. Chama cha Madaktari Wanawake Tanzania (MEWATA), kilichoanzishwa mwaka 1987, kilianza mwaka 2005 kampeni kubwa za kuchunguza matiti, kikianzia Dar es Salaam na baadaye kwenda mikoani. Wanawake kwa maelfu walijitokeza, wengi wao wakichunguzwa matiti kwa mara ya kwanza maishani.

Kampeni za aina hiyo zimeendelea hadi leo, hasa kila Oktoba, mwezi wa saratani ya matiti. Zimevunja ukimya na zimewafikisha hospitalini wanawake waliokuwa wakificha uvimbe chini ya khanga.

Ushahidi juu ya uchunguzi wa mikono ulipatikana Mumbai, India. Utafiti ulioanza mwaka 1998 ulifuatilia wanawake zaidi ya 150,000 wa miaka 35 hadi 64 kwa takriban miaka 20. Nusu yao walichunguzwa matiti kila baada ya miaka miwili na wahudumu wa afya ya msingi waliofundishwa kazi hiyo.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa saratani katika kundi lililochunguzwa zilipatikana katika hatua za chini zaidi. Kwa wanawake wa miaka 50 na zaidi, vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya umri huo, hakukuwa na upungufu wa vifo uliothibitika.

Kuna somo jingine kutoka Shanghai, China, ambako wafanyakazi zaidi ya 266,000 wa viwanda vya nguo walishiriki utafiti wa kujichunguza matiti wenyewe. Matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kuwa kuwafundisha wanawake ratiba na ufundi wa kujichunguza hakukupunguza vifo, bali kuliongeza idadi ya waliochukuliwa vipande vya nyama kwa uvimbe usio na madhara.

Baadhi ya watu waliyasoma matokeo hayo kana kwamba mwanamke hana haja ya kujua matiti yake. Hilo silo lililosemwa. Kilichopimwa Shanghai ni zoezi la ratiba kwa watu wasio na dalili, jambo ambalo ni tofauti na mwanamke aliyekwisha kuona badiliko na kulipeleka hospitalini bila kuchelewa.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa ushauri wa sasa katika nchi nyingi: mwanamke ayajue matiti yake jinsi yalivyo siku zote, anapooga au anapovaa, ili lolote jipya litakapotokea alitambue. Nchi zenye mashine nyingi nazo hutegemea macho na mikono hiyo hiyo kwa saratani zote zinazojitokeza kati ya vipimo.

Dalili zisizongoja zamu

Dalili ya kawaida ni uvimbe mpya katika titi au kwapani, hasa ulio mgumu na usiouma. Kutokuuma si dalili njema. Wanawake wengi hupuuza uvimbe kwa sababu hauwasumbui.

Nyingine ni ngozi kuvutwa ndani kama kishimo, ngozi kuwa na vitundu kama ganda la chungwa, chuchu kuingia ndani ilhali haikuwa hivyo, chuchu kutoa damu au majimaji bila kukamuliwa, kidonda au magamba yasiyopona kwenye chuchu, na titi moja kubadilika umbo au ukubwa.

Ipo pia saratani isiyo na uvimbe. Titi huwa jekundu, la moto na zito, mfano wa jipu. Mama anayenyonyesha hupewa dawa za kuua bakteria, na mara nyingi huwa ni uamuzi sahihi. Lakini dawa zikiisha na hali isibadilike, dozi nyingine ya dawa zile zile haitoshi. Uchunguzi zaidi unahitajika.

Wanawake wajawazito na wanaonyonyesha wana hatari ya pekee ya kucheleweshwa, kwa kuwa kila badiliko huhesabiwa kuwa ni maziwa. Uvimbe unaobaki palepale baada ya mtoto kunyonya na kushiba unastahili kuonwa na daktari.

Ni vizuri kukumbuka kwamba uvimbe mwingi wa matiti si saratani. Kwa vijana, mara nyingi ni uvimbe laini unaoteleza chini ya kidole au mfuko wa maji. Hata hivyo, jibu hilo hutolewa na uchunguzi. Kuubashiri ukiwa nyumbani ni kubahatisha.

Uchunguzi kamili una sehemu tatu: daktari kushika na kutazama, picha, na kipande cha nyama kinachopelekwa maabara. Kwa wanawake walio chini ya miaka 40, picha ya kwanza huwa ultrasaundi, ambayo imesambaa hospitalini kuliko mamografia na haisumbuliwi sana na tishu nzito.

Sehemu hizo tatu zinapaswa kukubaliana. Ikiwa mkono unashika uvimbe na picha inasema hakuna kitu, jambo halijaisha. Picha safi haifuti uvimbe unaoshikika, na mwanamke ana haki ya kuuliza kwa nini kipande cha nyama hakijachukuliwa.

Siku 60

Mwaka 2021 WHO ilizindua Mpango wa Kimataifa wa Saratani ya Matiti. Una malengo matatu yanayopimika: angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagundulike katika hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza, na asilimia 80 wamalize matibabu yao.

Lengo la pili ndilo linalojibu tatizo la saratani zinazoponyoka kipimo. Mwanamke akifika na uvimbe, siku 60 zinatosha kwa picha, kipande cha nyama na majibu, mradi asirudishwe nyumbani na dawa za maumivu, rufaa isikae mezani, na majibu ya maabara yasipotee njiani.

Gharama ya kuchelewa ilionekana katika utafiti uliofuata wanawake zaidi ya 2,000 wa nchi kadhaa za Afrika, Uganda ikiwamo. Takriban nusu tu walikuwa hai miaka mitatu baada ya kugundulika. Watafiti walikadiria mwaka 2020 kuwa kati ya asilimia 28 na 37 ya vifo hivyo vingeweza kuzuiwa kwa kuwagundua mapema wenye dalili na kuboresha matibabu.

Makadirio hayo hayakuhitaji mamografia kwa kila mwanamke. Yalihitaji mwanamke mwenye uvimbe afike mapema, na anayempokea ajue la kufanya.

Wajibu huo unaanza kwenye zahanati. Muuguzi anayemwona mama aliyekuja kwa shinikizo la damu au kumleta mjukuu kliniki ndiye mtaalamu wa kwanza, na mara nyingi wa pekee, atakayemwona mwaka huo. Kipimo cha mikono hakihitaji umeme.

Wajibu mwingine ni wa wanaoendesha kambi za kupima. Kila mwanamke anayeambiwa yuko salama anastahili kuelezwa sentensi moja zaidi: kwamba jibu hilo ni la siku hiyo, na akiona badiliko lolote kesho yake aje bila kungoja kambi nyingine. Bila maneno hayo, jibu safi huweza kumchelewesha mgonjwa kuliko kutopimwa kabisa.

Kabla ya Desemba

Kila Desemba magari hujaa barabara ya Moshi, wenye asili ya Kilimanjaro wakirudi nyumbani kwa Krismasi. Ni wakati ambao mambo yaliyofichwa kwenye simu huonekana kwa macho. Mama amepungua, au havai tena kama zamani, au anauepuka mkono wa kushoto anapobeba ndoo.

Chukua mfano wa mama aliyepelekwa na wanawe kupimwa mjini miaka miwili iliyopita na kuambiwa hana kitu. Mwezi Julai anashika kidonge titini. Hataki kuwasumbua watoto, ada za shule za wajukuu zinalipwa mwezi huo, na zaidi ya yote ana ile karatasi ya hospitali inayosema yu salama. Anaamua kungoja Desemba waje wenyewe.

Miezi mitano ni mingi kwa saratani ya aina inayoota kati ya vipimo. Uvimbe ambao Julai ungeondolewa kwa upasuaji na kufuatiwa na dawa, Desemba unaweza kuwa umefika kwapani.

Aliyewalipia wazazi wake kipimo amefanya jema, na jema hilo halikupotea. Lakini swali la kumuuliza mama kwenye simu leo haliishii kwenye "ulipimwa lini?" Linaendelea hadi "tangu siku ile, kuna kilichobadilika?" Na kama kipo, hospitali iliyo karibu naye iko wazi wiki hii.